Waya Usiopitisha Kitu

Tamana, 9 Februari

Binti yangu Rereao,

Mauri, mwanangu. Huku sote wazima, isipokuwa mgongo wangu, na huo hata wewe ulizaliwa ukaukuta. Mashaka yetu ni kwako huko Brisbane, unakoishi na watu wanaolipia maji ya kunywa.

Tangu mpande ndege wewe na wenzako, mtambo wa umeme mliotufungia haujazimika hata mara moja. Wazee wakikaa barazani maneaba wananiita Mheshimiwa Betri, nami cheo nimekipokea. Kila asubuhi nafuta chumvi kwenye sola kama ulivyonionyesha. Watu bado wanaizungumza ile wiki uliyokuwa unapima. "Mtoto wa Itaaka anachoma vijiti vyake mchangani, anasoma, anakuna kichwa, anachomoa, anachoma tena. Umeme si upo? Mbona hauwashi?" Niliwajibu kuwa taa kuwaka si kazi, kazi ni kujua haitaua mtu. Maneno yako hayo, nimeyaiba.

Mama yako anakwenda zahanati kwa miguu yake asubuhi na jioni, anachomwa sindano ya sukari, anarudi kunigombeza. Dawa inakaa kwenye friji, baridi kabisa. Hatapelekwa tena Tarawa kwenye hospitali kubwa, kulala sebuleni kwa watu. Kwa hilo tu nakushukuru.

Kuna kero moja. Swichi ya zahanati inajikata yenyewe. Naiwasha, inakaa kidogo, inajikata. Nesi amenuna. Nifanyeje?

Baba yako,
Itaaka


Brisbane, 2 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, wewe na mgongo wako. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Tunakagua kituo kipya cha umeme huku, transfoma moja tu inalizidi kanisa letu kwa ukubwa. Chakula chao hakina samaki wa maana.

Swichi inayojikata isikutie wasiwasi, inafanya kazi yake. Nadhani chumvi imeingia kwenye mota ya friji na umeme unavuja kidogo. Ule unaovuja unashuka ardhini kwa waya mtupu wa shaba ulio nyuma ya zahanati, swichi inausikia, inakata. Mwambie nesi avumilie, nimeshaomba friji nyingine. Nyie msifungue wala msiondoe kitu chochote.

Msalimie Mama. Mwambie wali apunguze, na asinijibu kwamba kijiko kimoja si wali.

Mwanao,
Rereao


Tamana, 11 Machi

Binti yangu,

Mauri. Hali zetu nzuri, na wewe je? Barua yako sijaiona. Ndege ni mbovu tena, na redio ya kisiwa imekufa. Nampa hii nahodha wa meli ya mbata.

Lile la swichi limekwisha, usijisumbue. Mjomba wako Kaiea alikuja, akakaa, akala, akamsifu mama yako kwa samaki, nikajua ana jambo. Akanitolea bubuti.

"Shemeji, nakuomba ule waya wa nyuma ya zahanati."

"Ule ni wa mtambo, bwana."

"Unapitisha umeme?"

Nilikumbuka ulivyokuwa ukiushika kwa mikono mitupu. "Haupitishi kitu," nikasema.

"Basi umekaa bure, na mimi papa wananimalizia ndoano. Kila uzi wanakata."

Wewe mwenyewe unajua, ndugu akikuomba kwa bubuti huna mlango wa kutokea. Tena ni kaka wa mama yako, aliyetugawia magimbi ya shimo lake la babai mwaka ule wa ukame tukala. Ningemkatalia kwa uso gani? Nikaukata nikampa. Amezifumua nyuzi zake, sasa kila mvuvi kisiwani ana kipande.

Ajabu yake sasa: tangu siku ile swichi haijajikata tena! Kumbe ule waya ndio uliokuwa unatusumbua. Nesi anacheka siku hizi, na wazee wanasema kazi yako nipewe mimi.

Baba yako,
Itaaka


Brisbane, 6 Aprili

Baba,

Leo sina salamu, nisamehe. Barua yako nimeipata saa hii, nakujibu papo hapo.

Umeme unaovuja haujakwisha. Umekosa njia tu. Umekaa kwenye mwili wa friji unangoja mtu aguse ndipo ushuke kwa miguu yake. Swichi imenyamaza kwa sababu haina cha kusikia, si kwa sababu imepona. Hata mtu akigusa siitegemei ikate, chumvi ya kwetu naijua.

Zima umeme wa zahanati. Kama dawa ya Mama haiwezi kukaa bila friji, basi mtu yeyote asiguse friji kabla hujaizima ukutani. Kila mara, Baba, hata ukiwa na haraka. Waya mpya nimeununua, unakuja na meli.

Mjomba usimlaumu. Nilikuonyesha kufuta sola, lakini ule waya ni wa nini sikukueleza. Niliona jambo dogo.

Mwanao,
Rereao


Tamana, 24 Aprili

Rereao mwanangu,

Mauri, na pole kwa hofu niliyokupa. Barua zako mbili zimekuja pamoja, ndege imepona. Ile ya mwisho nimeisoma nikiwa nimesimama uwanjani, kisha nikakimbia, mimi na mgongo huu, nikazima kila kitu.

Dawa tukaifukia kwenye mchanga wenye maji. Nesi akaja kuitazama, akatikisa kichwa. "Joto hili, Itaaka, itakufa. Na mkeo Teretia bila dawa hafiki mbali."

Basi nimewasha, lakini nimejiajiri kuwa mlinzi. Hakuna anayeigusa friji ila mimi, na siigusi kabla sijazima ukutani, na kandambili ziko miguuni. Nakaa kwenye benchi mbele yake tangu asubuhi. Mama yako anasema nimeoa tena, na kwamba mke mwenzake ni mweupe na baridi.

Kaiea sijamwambia. Akijua atataka kuurudisha, na hana cha kurudisha. Nitakuwa nimemvua nguo mbele za watu.

Wewe kalale. Meli wanasema ni mwezi ujao, na mlango naulinda mimi.

Baba yako,
Itaaka


Brisbane, 29 Aprili

Baba,

Jibu lako bado silioni. Leo kazini nilikuwa naunganisha vyuma vya kituo, nguzo, uzio, mabomba, nikasimama ghafla na bisibisi mkononi.

Bomba la tangi la mvua, Baba. Lile la nje ya zahanati. Nililiunganisha na friji kwa mkono wangu, waya umepita ndani ya ukuta, huwezi kuuona. Ndivyo tunavyofanya: vyuma vyote vinashikana, kisha vyote vinashuka ardhini kwa waya mmoja. Na waya wenyewe ndio ule. Friji ikiwa na umeme, bomba nalo lina umeme.

Nilikwambia habari za friji, bomba sikulitaja. Nimejiuliza mchana kutwa nilikuwa nafikiri nini.

Zima kila kitu hata kama dawa itaharibika. Mama mpandisheni ndege aende Tarawa, alie asilie. Nijibu neno moja tu, kwamba umezima.

Mwanao,
Rereao


Tamana, 20 Mei

Rereao mwanangu,

Mauri. Anayeandika ni katekista, maneno ni yangu mimi mama yako. Natumaini unakula.

Barua yako ya bomba ilifika Jumanne. Baba yako tulikuwa tumeshamzika.

Asubuhi ile nesi alikuwa ameitwa kwa mama anayejifungua. Baba yako alizima friji kama ulivyomwambia, akatoa dawa yangu, akafunga, akawasha tena ili zilizobaki zisiharibike. Akaniambia, "Ngoja ninawe mikono, nisije nikakuchoma na uchafu." Mvua ilikuwa imenyesha. Kandambili alikuwa anazivaa kwa friji tu, si unajua hatuingii nazo ndani, akazivua kwenye benchi akatoka peku. Nilimwona dirishani ameinama kwenye bomba. Nilidhani anakunywa.

Kaiea aliposikia barua yako inasomwa, alizunguka nyumba kwa nyumba akikusanya vipande vya ule waya, akaja kuvimwaga miguuni pangu. Hakuna aliyemtamkia neno baya. Sasa hasemi, na mkewe anamlisha kama mtoto.

Waya wako mpya umekuja na meli. Wazee wakaniita maneaba, wakaniuliza kama uje uufunge na kupima upya, umeme urudi nami nipate dawa. Sijapata kusema mle mbele ya wanaume, lakini nilisema. Nikawaambia mtoto wangu hataletwa kusimama pale alipoangukia baba yake, apime, kisha atuambie ni salama. Wakakubali. Betri zimepakiwa melini juzi, zimerudi zilikotoka.

Tarawa siendi. Kaburi lake liko hapa mlangoni, nimuachie nani? Miguu imeanza kuvimba, lakini siumwi sana.

Najua utataka kunitumia dawa. Usitume, mwanangu. Hatuna pa kuiweka.

Mama yako,
Teretia