Hiyo Ndiyo Tabia Yake

Jumamosi, Endarasha

Na bado maneno ya pasta yananikera. Tumetoka tu kumfunika binti yangu Nyambura na udongo, naye anashika maikrofoni: "Mungu ni mwema!" Watu wakajibu, "Wakati wote!" Akamalizia, "Na hiyo ndiyo tabia yake!"

Tabia yake. Basi anashukuriwa nini? Baridi ya hapa nayo tabia yake ni kuunguza majani ya viazi shambani, na hakuna anayeilaumu.

Jirani yangu Mama Kevo alilala kwenye kiti hospitalini, kando ya Nyambura, mpaka mwisho. Angeweza kubaki kwake, ana ng'ombe wa kukamua. Huyo nilimwambia asante, nikalia.

Kama Mungu hawezi kuwa vingine ila mwema, sifa ni za nini? Na kama anaweza kuchagua, basi alimwangalia mtoto wangu pale kitandani, akachagua. Sijui ni lipi linaniogopesha zaidi.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza pale kaburini. Lakini pasta aliporudia, "Mungu ni mwema," nilisikia mdomo wangu umeshajibu, "Wakati wote."