Picha niliyomchorea Nalongo

Jumanne

Uso wa Nalongo hauniondoki. Ni jirani mwema, juzi amejifungua mapacha, nami leo nikampelekea picha ya ndege wawili. Nimeichora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti ninachonunua Kasubi. Hakuipokea. Alirudi nyuma, akawafunika watoto kwa kanga.

"Mama Furaha, hiyo sisi tunazikia watu," akasema polepole. "Kwenu Kongo hamjui?"

Sikujua. Miaka yote hii wageni wa mtaa wa Kabalagala wananunua picha zangu, wanatundika ukutani, na hakuna aliyeniambia.

Hao hao huniuliza kazi zangu zinatoka wapi. Huwa najibu soko la Kalerwe, rangi za nyanya na ndizi. Uongo mtupu. Kila nikiishika lubugo namkumbuka mama. Sikuwahi kuelewa kwa nini.

Tulimwacha Bukavu siku ya kukimbia vita, amekwisha kufa, hata sanda hakupata.

Nimejaribu kulala, nimeshindwa. Nimeinuka, nimetandaza sakafuni lubugo yote iliyobaki, ile ambayo bado sijaichora.

Inamtosha.