Usimwitikie Usiyemwona

Nyamirambo, Kigali

Dada yangu Leila,

Assalaam aleikum. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko salama huko Kampala, na yule mdogo ameacha kula chaki. Sisi wazima wa mwili. Mengine ndiyo yamenifanya nikuandikie.

Unajua tangu Mama afariki, Baba akishakaa kwenye cherehani husahau kabisa kula. Nami, kwa kiherehere changu cha kujifunza kompyuta kule Gisimenti, nikaona nimepata dawa. Nilichukua ile sauti ya Mama iliyobaki kwenye simu, "Baba Leila, njoo ule," nikaitengenezea programu kwenye kompyuta yangu. Niliiwekea kipima muda: wakati wa chakula ukifika, sauti inaita, Baba akibonyeza kitufe, inanyamaza na kipima muda kinaanza kuhesabu upya. Nikajiona fundi kweli. Baba akaanza kula, na kila akibonyeza akawa anaitika "naam" kama zamani. Nililia kwa furaha.

Kisha sauti ikazidi. Ikaita asubuhi, ikaita alasiri, moja haijaisha nyingine imeanza. Baba hakushtuka. Aliniambia, "Mama yenu iko na haraka. Anataka niende kwake." Siku hiyo nikamkuta anakata kitambaa cheupe kirefu, wala hakukitia cherehani. Ilikuwa sanda yake.

Nilikimbilia kwa mwalimu wetu, Mucyo. Aliitazama programu akacheka, akasema ni kosa la kila anayeanza: kitufe kikibonyezwa nilikuwa naanzisha kipima muda kipya bila kusimamisha cha zamani. Kila Baba alipoitika, alizaa mwito mwingine. Nikakumbuka Mama alivyotukataza kuitikia sauti kabla hatujamwona anayeita.

Nilifuta programu yote. Kompyuta nimeizima na kuifungia kabatini. Lakini Baba bado anainua kichwa na kusema naam, na chakula amekiacha tena. Jana jioni alikuwa anakata kitambaa kingine, kifupi kidogo kuliko chake. Nikamuuliza ni cha nani.

"Sasa anakuita na wewe," alisema, taratibu tu. "Husikii?"

Nilimjibu sisikii, Dada. Nilimdanganya, kwa sababu naogopa. Jana hiyo hiyo asubuhi nilikuwa jikoni naosha vyombo, nikasikia jina langu, na kabla sijafikiri nilishaitika labeka. Ilikuwa sauti ya Mama. Na katika maneno yake niliyoyatia kwenye programu, jina langu halimo.

Njoo, tafadhali. Wewe Baba atakusikiliza. Msalimie shemeji, na watoto uwabusu wote kwa niaba yangu. Ukifika hapa nyumbani, usiniite kutoka nje. Ingia kwanza nikuone.

Mdogo wako akupendaye,
Shami