Mlango wa Mto Baada ya Kaka

Jumatatu, 8 Aprili
Nimerudi maabara. Watu wamenipa pole, nimejibu nimeshapoa. Tangu tumzike kaka sijalia – mwili kama si wangu. Alikuwa nahodha wa boti yetu ya utafiti. Mafuriko yalimzoa pale mlango wa mto aking'oa nanga. Boti ilionekana kwanza, tupu; mwili wake baadaye. Mimi siku hiyo nilikuwa nimelala na homa.

Nimekaa kwenye hadubini. Vijidudu wa maji chumvi hawapo. Mto umewasukuma wote baharini. Wamebaki wa maji baridi, wachache, na tope.

Alhamisi, 11 Aprili
Mama kasema nikikanyaga tena boti ile, nisimwite mama. Mto umeshamla mmoja, haushibi. Sikubishana. Nikala. Nikaosha vyombo.

Jumatano, 15 Mei
Mkuu wa maabara kaniita. Atamtuma mtu mwingine mtoni, mimi nibaki ndani, hakuna atakayenilaumu. Nikasema sawa.

Mvua zinapungua. Sampuli ya leo ina chumvi kidogo. Wale wa bahari wanarudi mmojammoja, kama wageni wasiojua kama msiba umekwisha.

Jioni mke wa kaka kapita kuchukua koti la mumewe la mvua. Kanikumbatia, nikasimama kama nguzo. "Wifi, usijilazimishe," akasema. "Kilio kina siku yake."

Jumanne, 9 Julai
Leo nimekwenda. Nimeomba mwenyewe. Mama sikumwambia.

Nahodha mpya wanamwita Pweza – anashika usukani, kamba na sigara kwa mpigo. Njiani alinitania, nikacheka kwa adabu. Tulipofika mlango wa mto akazima injini.

"Ni hapa?"

"Hapa."

Akavua kofia. Nikashusha wavu. Maji ya kijani, tulivu, hayana habari. Nilingoja moyo ushtuke. Wapi.

Sasa niko maabara. Kijiko kimoja tu cha maji, na wamejaa! Mabuu ya kaa yenye miiba, kamba wadogo kama vumbi, mayai ya samaki, wanasukumana. Kipupwe kimewarudisha. Nimehesabu, nikapotea, nikaanza upya. Naona ukungu. Nimefuta lenzi. Ukungu uko palepale.

Simu inaita mezani. Mama. Kuna mtu kamwambia.