Kanga ya Bi Zuhura

Jumanne

Inapwaya. Siku tatu nzima nimepaka gundi na kuviringisha kitambaa cha kaboni juu ya plasta yenye umbo la kigutu cha Bi Zuhura, na leo kavaa soketi, kikombe cha kuingizia kigutu kwenye mguu wake wa bandia, inazunguka tu. Plasta yenyewe nimeshaivunja kuitoa ndani. Ni kuanza upya, na harusi ya mjukuu wake ni Ijumaa.

Kosa nalijua. Siku ya kumpima alijifunika kanga, nami nikafunga bendeji za plasta juu yake, mikunjo na yote.

"Mwanangu, mbona hukuniambia niitoe?" kauliza, akichukua tena magongo yake.

 Siku ile shikamoo niliitoa vizuri kabisa. "Naomba utoe kanga" ndiyo ilinishinda.