Nimepanga Wahunzi Watupu, Mume Wangu Hasemi Nami

Mshauri mpendwa,

Nakuomba uniokoe kabla ya Jumamosi, maana moyo hautulii na wa kumwambia sina, nikisema ndoa yangu inayumba kwa sababu ya karata watu watanicheka mpaka wakae chini. Mume wangu ni fundi umeme, alianguka akiwa kazini kwa sababu mwenzake aliyemshikia ngazi aliachia akaenda zake bila kumwambia, akavunjika mguu, na tangu atoke hospitali yuko nyumbani na magongo. Mimi napiga pasi kwa dobi, nasimama kutwa, nikirudi namchotea maji ya kuoga, napika, namimina chai, namshika mkono afanye mazoezi ya kutembea kutoka kitandani hadi dirishani, na silalamiki, mume ni wangu. Dada yake, yaani wifi yangu, fundi cherehani, ndiye aliyetuletea mchezo huu ili kaka yake asishinde akitazama dari, na kweli ulimwinua, kila Jumamosi alasiri ananyoa ndevu na kujikongoja mwenyewe hadi mezani, na vidole vyake vile vya ufundi vinachanganya karata mpaka unatamani kutazama.

Mchezo wenyewe hatushindani sisi kwa sisi, wote watatu tuko upande mmoja dhidi ya zimwi la pangoni, ama tunashinda pamoja ama tunaliwa pamoja. Kila mmoja anajipangia fungu lake la karata kutoka kwenye koo zilizomo, mume wangu ana Wapanda Farasi, wifi ana Wapiga Mishale, na mimi tangu siku ya kwanza nilipewa Waganga bila kuulizwa, kazi yangu ni kumtibu mume wangu kila anapoumizwa, na anaumizwa kila mara kwa sababu anajitosa mbele bila kufikiri. Sasa mimi, mshauri, nawapenda Wahunzi. Mhunzi mmoja peke yake si lolote, anafua ngao moja basi, lakini kila mhunzi mpya akitua mezani wote waliotangulia wanaongezeka nguvu, ila ukichomeka karata za ukoo mwingine katikati wanapoa, ndiyo maana ni lazima wawe wao watupu. Nilikuwa nawapanga kichwani huku napiga pasi mashati ya watu, na wiki iliyopita nikatoa karata za tiba zote nikaweka Wahunzi tu, na sikumwambia mtu.

Jumamosi ikafika, na kwa muda nilikuwa na raha ambayo sijaiona tangu ile ajali. Wahunzi wangu walikuwa wamejipanga, moto unawaka, mara mume wangu akamwingiza shujaa wake pangoni akiwa amebakiwa na pumzi moja, akanyoosha mkono bila hata kunitazama.

“Haya, nitibu.”

“Sina.”

“Huna sasa hivi, au huna kabisa?”

“Nimezitoa zote.”

Zimwi likammeza, tukashindwa wote. Wifi akaanza kucheka, akaona uso wa kaka yake akageukia kukusanya karata. Mume wangu akaweka karata zake chini taratibu akasema, “Kumbe hata wewe,” akachukua magongo akarudi kitandani akageukia ukuta, na tangu siku hiyo hasemi nami, na lililo baya zaidi amekataa mazoezi, na daktari alishatuonya kwamba mguu usipotembezwa utakakamaa abaki hivyo maisha yake yote. Wifi ananiambia, “Zirudishe tu hizo karata, wifi yangu, kwani unapungukiwa nini?” Sijui nimjibu nini. Nikizirudisha najua nitalia palepale mezani, nisipozirudisha naogopa hatasimama tena. Nifanye nini?

Ni mimi, Mhunzi Mpiga Pasi

JIBU

Mhunzi, karata za tiba usizirudishe kwenye fungu lako. Nimeanza na jibu kwa sababu Jumamosi iko karibu. Sasa kaa nikuseme.

Kupanga ukoo mmoja si kosa. Kosa lako ni kunyamaza. Watu wanaocheza upande mmoja huambiana wamebeba nini kabla karata hazijagawiwa, nawe hukusema. Ulimtazama akiingia pangoni ukijua huna kitu. Hebu isome tena barua yako: huyu ni mtu aliyeachiwa ngazi na mwenzake bila kuambiwa. “Hata wewe” yake inatoka kule juu ya ngazi. Nilipofika hapo niliumia kwa niaba yake. Muombe radhi kwa hilo, na uishie hapo, Wahunzi usiwaombee radhi.

Lakini naye asijifiche nyuma ya mguu. Mezani ulipewa uganga bila kuulizwa, na nyumbani vivyo hivyo, na unaniambia hulalamiki. Umejaza ukurasa mzima, mama, unalalamika, na una haki.

Usingoje Jumamosi. Leo ukitoka kazini usikimbilie jiko. Keti kitandani umwambie, “Niliachia bila kukwambia, nisamehe. Siondoki. Ila nimechoka.” Usiseme umechoka kidogo. Kisha mtilie karata za tiba mkononi azichanganye na Wapanda Farasi wake. Atasema zinampunguzia kasi. Ni kweli, na kasi hiyo ndiyo inayomwingiza pangoni na pumzi moja. Wewe ngao ya kwanza ya Wahunzi wako mpe yeye, ajue uko nyuma yake ingawa si kwa dawa.

Meza isogeze hadi dirishani. Akitaka kucheza atatembea, na usimbembeleze. Akizidi kugoma, mrudishe kwa daktari mara moja, mguu hausubiri mtu anune mpaka amalize. Na wifi yako anayeuliza unapungukiwa nini, mpangie siku zake za kupika na kumsimamia kaka yake mazoezi, jibu atalipata mwenyewe.

La mwisho. Kilichovunjika ni mguu, na umenisifia jinsi vidole vyake vinavyochanganya karata. Basi Jumamosi weka birika mbele yake, kaa kitini, usiinuke. Chai atamimina yeye.