Kifaa cha Mdomoni na Usiku wa Kaliua

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeosha barakoa ya mashine, nimeianika kivulini. Kazi ya kila asubuhi kabla sijagusa cherehani. Jana umeme ulikatika tena. Mashine ikazimika, Baba Zawadi akaivua akaendelea kulala, nami nikawa namtikisa mpaka adhana. Leo mkono unauma. Gauni la mteja nimelikata upande.

Koo la mume wangu linajifunga akilala. Anakoroma, anakata pumzi, anashtuka, anakoroma tena. Mashine inampulizia hewa koo lisijifunge. Dawa nzuri sana, kwa mwenye umeme usiokatika. Sisi wa Gongoni, hapa Tabora, tutajua wenyewe.

Jumatano, 6 Agosti

Tumeitwa hospitali. Wanajaribu vifaa vingine vitatu, visivyotumia umeme, kwa watu wazima walioshindwa na mashine. Anayesimamia ni daktari wa meno, Daktari Neema. Binti mdogo, sauti ya upole, macho hayachezi. Nimempenda hapo hapo. Baba Zawadi akakubali kabla daktari hajamaliza kueleza.

Najua kwa nini. Anataka treni yake. Alikuwa dereva wa njia ya Mpanda miaka mingi. Siku moja, wamekwisha kuiacha Kaliua, akasinzia mkono ukiwa kwenye mpini wa mwendo. Msaidizi wake akamgutusha. Hakuna aliyemshitaki. Alijipeleka mwenyewe kwa mkubwa wake, akasema asipewe treni, anasinzia. Wakamweka karakana. Wenzake walimwona mjinga. Akawajibu kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, akachukua spana akaanza kazi.

Sijaona mwanaume mwingine wa namna hiyo. Sijamwambia.

Daktari hakuficha. Kifaa kimoja kikifaa, ataliandikia shirika la reli. Visipofaa vyote, asahau kuendesha.

Jumapili, 10 Agosti

Cha kwanza ni mkanda. Una mto mgumu mgongoni ili asilale chali. Ulimbana tumbo, nikaufumua nikaongeza kitambaa. Zawadi, binti yetu, anacheka hadi anakaa chini. Anasema baba yake amebeba mzigo kama anakwenda pwani kwa miguu. Baba Zawadi naye akazunguka sebuleni, kainama, anapumua kama mpagazi. Nilicheka na mimi.

Ila usingizini anaushinda nguvu. Analala juu ya ule mto chali vilevile, kama yuko kitandani kwa mfalme. Ng'o.

Ijumaa, 15 Agosti

Cha pili kinanyonya ulimi na kuushika mbele. Usiniulize. Asubuhi ulimi umevimba, hawezi mchuzi wa pilipili, hawezi hata kusema "marahaba" kwa watoto wa jirani. Wamemwamkia, yeye anatikisa kichwa tu. Wakaja kuniuliza wamemkosea nini.

Amevumilia siku zote alizoambiwa. Hakuruka hata moja. Mimi ningekitupa chooni siku ya kwanza.

Daktari Neema amemwangalia ulimi, akakifuta kwenye mpango. Kimebaki kimoja.

Jumanne, 19 Agosti

Cha tatu kimetengenezwa kwa meno yake mwenyewe. Aling'ata kitu laini kama unga uliokandwa, wakachukua umbo lake. Vipande viwili, cha juu na cha chini, na kinausukuma utaya wa chini mbele kidogo. Akikivaa anakuwa na kidevu cha mtu mkaidi. Kinamfaa.

Anatoka udenda. Asubuhi meno hayakutani mpaka atafune kwanza. Lakini kukoroma kumepungua. Sitaki kusema zaidi, nisije nikakitia jicho.

Alhamisi, 21 Agosti

Daktari amempa kidude cha kufunga mkononi, kina waya unaokwenda kidoleni. Kinapima pumzi na damu akilala. Atalala nacho usiku kadhaa mfululizo pamoja na kifaa cha mdomoni, halafu atakirudisha wasome. Hapo ndipo tutajua.

Naogopa. Naandika ili nisiseme mbele yake.

Jumamosi, 23 Agosti

Shangazi yake wa Kaliua amefariki. Innalillahi. Ndiye aliyemlea. Tunaondoka leo. Kidude amekifunga, kifaa kimo kwenye kiboksi chake cheupe, mfukoni mwa koti. Nimemuuliza mara mbili. Amenikasirikia mara ya pili.

Jumatatu, 25 Agosti

Kaliua. Tumezika jana. Naandika nimekaa uani kwa marehemu, nina hasira.

Ukoo huu una mtani wake, Chilongani, Mgogo aliyeoa hapa. Hakuna msiba asioufika, na hakuna msiba asimoiba kitu. Ndiyo kazi ya mtani. Jana alilala kaburini kabla maiti haijashushwa, akagoma kutoka mpaka apewe kitu. Watu wakacheka machozi yakiwatoka. Ni vizuri. Bila yeye tungevunjika.

Jioni akaliona koti la Baba Zawadi. Akachomoa kile kiboksi, akakifungua nje mbele ya wanaume wote, akatangaza kwamba Mnyamwezi amekuja msibani na meno ya akiba, maana ya kwanza ameyamalizia kwenye pilau. Fidia yake jogoo, kesho asubuhi. Akaondoka nacho.

Na mume wangu akanyamaza! Neno moja tu lilitosha. Hakulisema. Mtani akichukua msibani hadaiwi, hakasirikiwi, kitu kinakombolewa. Ndivyo shangazi yake alivyomfunza, na alikuwa ndiyo kwanza amemfukia. Sisi wanawake tulilala ndani, wanaume nje kwenye mikeka. Mimi sikujua lolote mpaka leo alfajiri, aliponieleza mwenyewe.

Nimemwambia kwamba amechezea maisha yake na treni yake kwa ajili ya jogoo. Akanijibu taratibu kwamba si jogoo, ni shangazi. Hasira haikuisha.

Jumatatu hiyo hiyo, mchana

Lazima niandike na hili.

Chilongani amenifuata jikoni. Macho mekundu. Hakutania. Kumbe mkeka wake ulikuwa karibu na wa Baba Zawadi. Alimsikia akikoroma, akaanza kutunga maneno ya kumcheka nayo asubuhi. Halafu mkoromo ukakatika. Akangoja pumzi. Haikuja. Akamtikisa, ikaja. Ikakatika tena. Hakulala tena mtu yule. Alikaa kitako akimtikisa mpaka watu walipoamka kuswali, na hakujua kwamba dawa ya mwenzake iko mfukoni mwake yeye; ameambiwa leo asubuhi.

Akanikabidhi kiboksi kwa mikono miwili. Jogoo amemkataa.

Akasema, "Shemeji, mimi nimeshindwa usiku mmoja. Wewe umeweza vipi peke yako?"

Nililia pale pale, kwenye moshi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

Alhamisi, 28 Agosti

Tabora. Kesho tunarudisha kidude. Baba Zawadi amekarabati mlango wa choo, banda la kuku na kiti ambacho hakikuwa kibovu. Anaamini usiku ule umeharibu kila kitu. Nami naamini hivyo.

Ijumaa, 29 Agosti

Baba Zawadi alianza kueleza kabla hajakaa. Alieleza yote, msiba, mtani, kiboksi. Hakumlaumu Chilongani hata kidogo. Kosa ni langu, alisema, ningesema ni dawa ningerudishiwa.

Daktari Neema alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatugeuzia kioo cha kompyuta. Siku za kifaa, mstari unatembea kama barabara ya lami. Usiku wa Kaliua, makorongo matupu.

Akasema, "Nilitaka kukuomba ulale usiku mmoja bila kifaa nilinganishe. Niliogopa kukuomba."

Usiku uliokosekana ndio uliothibitisha. Kifaa kinamfaa. Daktari anaandika barua. Reli watampima wenyewe, na mwanzoni ataendesha akiwa na dereva mwenzake kando. Kila baada ya muda arudi aangaliwe meno na pumzi.

Baba Zawadi alishika meza. Nikatazama dirishani ili afute macho yake kwa nafasi. Alhamdulillahi. Na yule binti daktari, Mungu amweke. Angeweza kutufukuza kwa kuvuruga kazi yake.

Nilipotoka nilimwambia mume wangu kwamba namheshimu. Njiani, mbele ya watu. Akauliza kama naumwa.

Jumatano, 24 Septemba

Upepo, vumbi. Nguo za harusi ya mtaa wa Chemchem zimenibana, bado mikono na pindo.

Nimesikia honi ya treni ikitoka stesheni. Ni yeye. Nimesimamisha cherehani mpaka ilipopotea upande wa Kaliua, halafu nikaendelea kushona.